Barua ya Kumtoa Balozi

Asubuhi niliyoingia kwenye kazi ya maiti, sikuwa natafuta kazi. Nilitoka kwa binamu yangu Ilala baada ya chai ya rangi, nikafuata upande wa barabara wenye kivuli, na kivuli kilipohamia ng'ambo nami nikahama. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, si kwa uzito wa kichwa bali kwa kutotulia. Nilikuwa nimeshasukuma mkokoteni, nimeshauza kahawa, nimeshakaa Morogoro mwezi mzima kwa sababu tu nilitaka kuona injini ya treni inavyogeuzwa. Niliona. Nikarudi.

Siku hizo, vijana wangu, kuzurura mjini mchana lilikuwa kosa. Ukikutwa huna kitambulisho cha kazi unapandishwa lori, unapelekwa kijijini ukajenge taifa, hata kama jembe hujui linashikwa upande gani. Basi nilipokaribia ukuta wa hospitali moja nikaona lori limesimama mbele yangu, na mgambo wawili wanauliza watu vitambulisho. Nikaingia geti lililokuwa karibu. Nikapita wodi, nikapita jiko, nikapita kamba za mashuka, nikafika nyuma kabisa penye nyumba fupi yenye mlango wa buluu. Mgambo mmoja alikuwa ananifuata. Hakukimbia, alitembea polepole kama mtu anayekwenda kuchukua mali yake.

Mlangoni alisimama mzee mfupi aliyevaa aproni ya mpira.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umemfuata ndugu yako?"

"Hapana. Nimefuata mlango."

Akanitazama, kisha akamtazama mgambo kule kwenye mashuka. "Basi umeupata. Ingia ushike miguuni."

Nikashika miguuni. Nilipotambua ninachokishika nilikuwa nimeshakibeba. Mgambo akachungulia, akavua kofia, akaondoka bila kuaga. Mgambo haingii chumba cha maiti. Hiyo ndiyo faida ya kwanza niliyoiona katika kazi hii, na mpaka nastaafu sikuona ya pili iliyoizidi.

Yule mzee aliitwa Mzee Pazi. Ndiye aliyenifundisha kila kitu, na alifundisha kwa kufinya. Juma langu la kwanza niliwasindikiza wafiwa mpaka mlangoni, nikawaambia kwa mazoea ya kuuza kahawa, "Asanteni, karibuni tena." Alama ya kidole chake ilikaa mkononi mwangu siku tatu.

"Wafiwa huwaambii karibu tena," alisema. "Huwaambii kwaheri ya kuonana. Huwaulizi habari za nyumbani. Sema 'poleni', kisha funga mdomo."

Nyinyi mnaoanza leo mmekuta kila kitu kimepangwa, na wengine mnadhani kimejipanga chenyewe. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana. Cha mbele kilikuwa cha wafiwa: benchi moja, mtungi wa maji, na dirisha dogo ambalo nyuma yake alikaa karani wetu, Ndugu Mushi. Cha kati kilikuwa cha kuoshea. Humo mlikuwa na jukwaa la saruji lililoinamishwa kidogo upande wa miguu, na tundu chini yake. Aliyelijenga alikuwa mtu wa akili, maana jukwaa lililo sawa hutunza maji mgongoni mwa maiti, na wewe mwoshaji unabaki kukimbizana na maji kama anayedeki bahari. Cha ndani kilikuwa na majokofu, droo sita zilizopangwa mbili mbili. Kutoka hapo unafungua mlango wa nyuma unaoelekea uchochoroni, ambako magari yalisubiri. Watu huingia kwa mbele wakilia na kutoka kwa nyuma wakiwa wamebeba. Usiwakutanishe wanaoingia na wanaotoka. Hilo halimo katika kitabu chochote, lakini wakikutana hulinganisha majeneza.

Mzee Pazi alipenda kusema kwamba Ujamaa ulikuwa umefika kwetu kabla ya kufika Dodoma. "Hapa hakuna tajiri," aliniambia. "Wote shuka moja, wote maji ya bomba, wote foleni." Ilikuwa kweli, isipokuwa kwa droo ya kwanza. Droo ya kwanza ilikuwa na mashine yake peke yake na kibandiko kilichosema VIONGOZI. Zile tano za wananchi zilikufa kwa zamu, kila moja ikisubiri spea, na spea ikisubiri fedha za kigeni. Ya viongozi haikufa hata siku moja. Tatizo lake ni kwamba viongozi nao hawakuwa wakifa, au walifia kwingine, kwa hiyo ilikaa na siagi ya daktari na, kila Jumamosi, nyama ya Ndugu Mushi.

Droo za wananchi zilipozima tulikwenda Feri kununua barafu ya samaki. Chukueni elimu hii, umeme haujaacha kukatika: barafu ya bonge hudumu kuliko ya vipande, na ukiizungushia vumbi la mbao hudumu mara mbili. Usiiweke kifuani, iweke ubavuni na chini ya shingo. Na ukiulizwa pale Feri barafu ni ya nini, sema ya hospitali, usiongeze neno. Mimi niliongeza siku moja. Muuza samaki aliyekuwa ananipimia barafu alinirudishia mfuko wangu mtupu, akanawa mikono, akahamisha meza.

Sasa niwaambie kosa langu, maana bila kosa hilo habari ya balozi isingekuwapo.

Siku hizi mna vikuku vya plastiki. Sisi tuliandika majina kwenye kipande cha karatasi ngumu, tukakifunga kwenye kidole gumba cha mguu. Mimi, kwa kubana matumizi ya wino kama tulivyoagizwa, niliandika kwa penseli. Penseli na maji havipatani. Familia moja ya watu wa Kilimanjaro, wenye duka la jumla Kariakoo, walikuja kumchukua babu yao wakamzike kwao, kwenye shamba la migomba. Nikasoma kilichobaki kwenye karatasi, nikawapa babu. Walimlilia, wakamfunga, wakampandisha gari. Gari lilikuwa limeshawashwa, safari ya Moshi inaanza, ndipo shangazi mmoja akasema anataka kumwona mara ya mwisho. Akafunua.

"Huyu ni nani?"

"Shangazi, kifo hubadilisha sura," mjukuu mmoja akamwambia.

"Kifo hakioteshi meno! Baba yangu alikuwa kibogoyo!"

Wakamrudisha babu wa watu, wakamchukua wa kwao, wakaenda zao. Hawakunishtaki, lakini Ndugu Mushi aliandikiwa barua kali na wakubwa. Baada ya siku chache ikabandikwa kanuni mpya dirishani, yenye muhuri. Ilisema kwamba maiti hatatolewa bila barua ya kumtambulisha yeye na ndugu zake, iliyotiwa sahihi au dole gumba na balozi wa nyumba kumi wa mahali alipokuwa akiishi marehemu. Mwisho wake ikasema kwamba maiti atakayekosa barua kwa siku tatu atahesabiwa hana ndugu, na atazikwa na jiji. Mimi ndiye niliyeizaa kanuni hiyo, kwa penseli.

Nyinyi mkisikia balozi mnafikiria mtu wa suti aliyeko Ulaya. Balozi wetu alivaa msuli na alisimamia nyumba kumi za mtaa wake. Bila barua yake hukupata sukari, hukupata kazi, hukuhama. Sasa ikawa bila barua yake hata kuzikwa huzikwi. Wananchi walizoea haraka. Walikuja na barua mkononi kama wanaokwenda kuchukua unga.

Siku moja alfajiri akafa wodini mzee mmoja wa Kariakoo, Mzee Mwishehe. Presha. Kufika saa mbili asubuhi walikuwa benchini mkewe, Bi Tatu, na mdogo wa marehemu aliyeitwa Saidi. Sanda walikuwa nayo, kaburi lilikuwa limeshaanza kuchimbwa, na msikitini wameshaambiwa kwamba maziko ni baada ya sala ya alasiri. Watu wa pwani hawamlazi maiti wakiwa na uwezo wa kumzika.

"Barua ya balozi?" Ndugu Mushi akauliza.

"Balozi ni yeye," akasema Saidi.

"Yeye nani?"

"Huyo uliyemfungia humo ndani, ndugu. Balozi wa nyumba zetu kumi ni marehemu mwenyewe."

Ndugu Mushi akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Tuliishi naye vizuri, na Krismasi alitugawia ndizi za kwao. Lakini alikuwa ameshaandikiwa barua kali moja, na mtu mwenye watoto wanne hangoji ya pili. "Nendeni tawini kwenye Chama," akasema. "Wawape barua wao."

Saidi akaondoka. Nyuma yake tukapata shida nyingine. Droo tano zote zilikuwa zimezima na siku hiyo Feri hakukuwa na barafu. Mzee Pazi akaanza kutoa siagi kwenye droo ya kwanza.

"Hiyo ni ya viongozi," Ndugu Mushi akasema.

"Balozi si kiongozi?"

"Ni wa nyumba kumi tu. Droo ni ya kuanzia wilaya."

"Na siagi hii ni ya wilaya gani?"

Ndugu Mushi akarudi dirishani kwake, na Mzee Mwishehe akalala penye baridi.

Saidi alirudi saa sita amelowa jasho, akasimama katikati ya chumba akatueleza. Mwenyekiti wa tawi yuko semina Dodoma. Katibu amempa pole, amempa kiti, kisha amemwambia kwamba hawezi kutia sahihi mahali pa balozi. Lazima achaguliwe balozi mpya. Uchaguzi unataka mkutano wa nyumba zote kumi, na mkutano unataka tangazo la siku saba.

"Siku saba!" Bi Tatu akasema. "Jiji linamzika baada ya tatu!"

"Sijamaliza, shemeji. Hata hilo tangazo hawezi kulitoa mpaka apate uthibitisho kwa maandishi kwamba nafasi iko wazi. Anataka kibali cha mazishi."

"Na kibali cha mazishi anakitoa nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Mimi," Ndugu Mushi akasema kwa sauti ndogo. "Nikishaona barua ya balozi."

"Na balozi wa nyumba za jirani?" akauliza Mzee Pazi.

"Nimepita kwake," Saidi akasema. "Anasema akimsainia mtu wa nyumba zisizo zake ataambiwa anajitanua."

Bi Tatu hakulia. Alikuwa ameshalia asubuhi, sasa alikuwa anafikiri. "Kwa hiyo," akasema, "mume wangu aliyewasainia watu miaka yote hii, waliooa, waliozika, walionunua vitenge, yeye atazikwa na jiji kama mtu aliyeokotwa. Nami nimekaa hapa kwenye benchi namtazama."

Mimi nina ugonjwa wa kusoma kila kilichobandikwa. Shule niliacha, lakini maandishi hayajaniacha. Nasoma mpaka karatasi za kufungia karanga. Nikasogea dirishani nikaisoma tena ile kanuni, neno kwa neno. Kisha nikamwita Mzee Pazi pembeni.

"Mzee, hapa wanasema sahihi au dole gumba la balozi."

"Nimesikia."

"Hawajasema awe hai."

Nikangojea kufinywa. Hakunifinya. Alikwenda moja kwa moja mbele ya Bi Tatu, akachutama ili wasemezane macho kwa macho, akamweleza taratibu. Saidi akaruka. "Kumwekesha maiti dole? Dhambi hiyo, mzee!"

"Dhambi ni jiji kumtupia mchanga," Bi Tatu akamjibu. Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye utakayeandika? Andika vizuri. Mwenzangu hakupenda barua chafu."

Nikaketi mwisho wa benchi, nikaandika kwa wino. Barua hiyo bado naijua kwa moyo:

"Mimi, Mwishehe, balozi wa nyumba kumi, namtambulisha kwenu marehemu Mwishehe, anayeishi nyumbani kwangu. Namfahamu tangu kuzaliwa kwake. Hana kesi, tabia yake ni njema, na amehudhuria mikutano yote isipokuwa inayokuja. Mkewe ni Bi Tatu na mdogo wake ni Saidi, nawathibitisha wote wawili. Naomba wapewe mwili wake wauzike leo."

Nikaenda dirishani. "Ndugu Mushi, tunaomba pedi ya wino."

"Ya nini?"

"Ya kazi."

Akaisukuma nje, akageuka kutazama kalenda ukutani kama mtu anayetafuta sikukuu.

Ndani tulikuta vidole vimeshaanza kukaza na kujikunja, kama ilivyo kawaida. Sikilizeni vizuri hapa: usivunje kidole cha mtu kwa haraka zako. Loweka taulo katika maji ya vuguvugu, funika kiganja, kisha kanda kuanzia kwenye kifundo cha mkono ukija mbele, polepole, kama unayemwamsha mtoto. Mzee Pazi alishika karatasi, mimi nikashika mkono. Alianza kwa kumwomba radhi. "Balozi, tusamehe. Ni kazi moja tu, kisha umestaafu." Nikakanda mpaka gumba likalegea, nikaligusisha wino, nikalishusha juu ya karatasi, nikalizungusha kidogo kushoto na kulia. Ukikandamiza bila kuzungusha unapata doa, si dole. Lilitoka safi, mistari yote inahesabika. Tukamsugua na limau mpaka buluu ikafifia, ingawa haikwisha. Waliokuja kumwosha waliiona, na Saidi aliwaambia ni alama ya utumishi.

Ndugu Mushi akaisoma barua mara mbili. Kidole chake kilirudi kwenye "namfahamu tangu kuzaliwa kwake".

"Imeandikwa leo?"

"Leo, ndugu," nikasema.

"Na balozi ameweka dole mwenyewe?"

"Mwenyewe," akasema Mzee Pazi. "Mbele yetu wawili."

"Hakulazimishwa?"

"Hakusema neno."

Ndugu Mushi akaiweka barua mezani. Kisha akafungua muhuri, akaupulizia pumzi, akagonga. Barua ikaingia kwenye faili pamoja na nyingine zote, na mkaguzi alipokuja baadaye aliisifu kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa na maelezo kamili kuhusu tabia ya marehemu.

Alioshwa na kukafiniwa palepale kwetu kwa sababu muda ulikuwa unakwisha. Waosha walikuja kutoka mtaani na kafuri na udi. Mzee Pazi akaniambia niwasindikize, maana mtu wa kubeba alipungua. Kutoka hospitali mpaka msikitini nilibadilishana bega na watu nisiowajua, na kila tulipokata kona Kariakoo waliongezeka: wachukuzi, wauza nazi, wenye maduka wakifunga milango nusu na kuja kugusa jeneza. Sala ya alasiri tuliiwahi. Kabla jua halijatua alikuwa ameshafunikwa na watu wanaomjua.

Baada ya maziko nilikuwa nageuka niende zangu, Saidi akaniita. Bi Tatu ananitaka. Nikafuatana naye mpaka kwenye nyumba yao, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba pande mbili, wanawake wamejaa uani. Yeye alitoka akakaa nami barazani, kwenye mkeka.

"Unakaa wapi?"

Nikamwambia ukweli. Kwa binamu yangu sikukaa tena, na usiku nilikuwa nalala kwenye lile benchi la wafiwa. Mara tatu nilikwenda kuulizia vyumba, na kila nilipotaja kazi yangu chumba kilipata mpangaji mwingine hapo hapo.

"Kula kwanza," akasema. Nikaletewa wali na maji ya kunawa. Mwanamke aliyeyaleta aliweka birika chini mbali nami, kisha Bi Tatu akalichukua yeye akanimiminia mikononi.

Akanitazama nakula. Baadaye akauliza, si kwa sauti ya kusikika mpaka uani, "Mimi alinitoka wodini nikiwa nimekwenda kutafuta maji ya moto. Nilirudi wameshamfunika. Wewe ndiye uliyemshika mkono. Mkono wake ulikuwaje?"

Nilikuwa nimefundishwa kusema poleni na kufunga mdomo. "Ulikuwa wa baridi, mama," nikasema. "Lakini nilipoukanda haukukataa."

"Alikuwa hajui kukataa," akasema Bi Tatu, na hapo ndipo alipolia.

Alipomaliza akajifuta kwa upindo wa kanga, akafungua fundo kiunoni, akatoa ufunguo. Chumba cha tatu kushoto, akaniambia; ukitoka kazini pita uani ukoge kwanza, na mlango uinue kidogo ndipo usukume, bawaba zimelegea.

Nikaenda. Nikauinua, nikausukuma.